Kumpikia mgonjwa wa figo nyumbani: anza na vipimo, malizia na sahani

Maswali yanayonifikia ni yale yale kila siku. Dada, mama kaambiwa figo, ndizi anaruhusiwa? Maharage je? Eti dafu linasafisha figo, ni kweli? Ugali wa dona si ndio wa afya? Mi sio daktari. Ni mtu ninayempikia mama yangu, alianza na presha ikaja figo na sasa hivi yuko kwenye kusafisha damu kwa mashine, na ninayoandika hapa nimeyapata kwa wataalamu wa lishe wa kliniki alafu nikayapeleka jikoni nikaona yanafanyikaje kwa vyakula vyetu hivi hivi vya sokoni, maana makaratasi mengi wanayotupa yameandikwa vyakula ambavyo Kariakoo huvikuti.

Kabla ya yote shika hili: vile vyakula tulivyozoea kuita chakula cha mgonjwa, yaani mtori, mchemsho, uji wa lishe, dafu, juisi ya matunda, parachichi, ndizi mbivu, kwa mtu wa figo ndio vya kuuliziwa kwanza. Na tabu yake vinaletwa kwa upendo, shangazi katoka Tanga na dafu sita, utamwambiaje. Kwa hiyo kazi yako nusu ni jiko na nusu ni mlangoni.

La pili, hakuna listi moja ya wagonjwa wote wa figo. Mtu wa hatua ya pili ya ugonjwa anayekojoa vizuri na potasiamu yake (madini ya kwenye chakula ambayo figo ndizo huyatoa yakizidi) iko sawa hana sababu ya kunyimwa chungwa, na mtu wa kusafisha damu mara mbili kwa wiki asiyekojoa kabisa huyo ni habari nyingine. Ukichukua listi ya jirani ukaibandika kwako unaweza ukamkondesha mtu bure au ukamuua.

Vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Majibu ya vipimo vya karibuni: kreatinini (uchafu wa kwenye damu unaotolewa na figo) na GFR (kasi ya figo kuchuja damu), potasiamu, fosforasi (madini mengine yanayotolewa na figo), albumini (protini ya kwenye damu), wingi wa damu, na sukari kama ana kisukari. Piga picha weka kwenye simu, ukienda kliniki yoyote unayo.
- Mizani ya kupimia mtu, ile ya kusimama. Ya kawaida inatosha.
- Mashine ya presha.
- Kijiko cha chai cha kupimia na kikombe kimoja ambacho unajua ni mililita ngapi.
- Jagi lenye alama la kupimia mkojo, liandikwe kabisa lisije likaingia jikoni.
- Sufuria kubwa kuliko unayoona unahitaji, na chujio.
- Daftari.
- Majina ya dawa zote anazotumia, pamoja na zile za kienyeji asizomwambia daktari. Muulize taratibu atasema.

Hatua ya 1: Jua yuko wapi

Muulize daktari maswali matatu tu. Yuko hatua ya ngapi ya ugonjwa? Potasiamu na fosforasi zake zikoje? Maji amewekewa kikomo au hajawekewa? Hatua zinahesabiwa kwa GFR: 60 mpaka 89 ni ya pili, 30 mpaka 59 ya tatu, 15 mpaka 29 ya nne, chini ya 15 ni ya tano. Potasiamu ya kawaida inacheza kwenye 3.5 mpaka 5, ikipita 6 hilo ni suala la hospitali siku hiyo hiyo sio la kubadilisha mboga, maana inagonga moyo na mara nyingine haitoi dalili yoyote mpaka moyo unasimama.

Majibu ya maswali hayo ndio yanakwambia hatua zipi za makala hii hapa chini zinakuhusu. Chumvi inamhusu karibu kila mtu. Zingine inategemea.

Hatua ya 2: Chumvi, anza nayo leo

Kikomo ni gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa juu, sio kile cha mlima. Na hicho ni pamoja na chumvi iliyomo kwenye mkate, siagi, na kila kitu cha dukani.

Ninavyofanya mimi: kila asubuhi natia kwenye kichupa kidogo nusu kijiko cha chai cha chumvi, hiyo ndiyo ya mama ya siku nzima. Mboga ya mchana nachota humo, ya usiku nachota humo, ikiisha imeisha. Hiyo nusu nyingine nimewaachia mkate na vitu vingine. Ugali uzuri wake hauna chumvi, wali nao upike bila chumvi, watu wanazoea, wiki mbili tatu za kwanza ndo za kelele.

Sasa chumvi zinazojificha, hapa ndo wengi wanaanguka:

Viungo vya pakti na vidonge vya supu, karibu nusu yake ni chumvi. Ukiacha chumvi alafu ukatia kidonge umefanya kazi bure. Tambi za pakti zenye kimfuko cha viungo ndani, hivyo hivyo.

Magadi. Yale ya kulainishia maharage, makande na mlenda ni sodiamu tupu, ile ile iliyomo kwenye chumvi, hata kama hayana ladha kali ya chumvi. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila magadi.

Samaki wa chumvi, ng'onda, papa mkavu, dagaa waliotiwa chumvi. Hata ukiwaosha chumvi haiishi.

Na hii iandike kwa herufi kubwa: USINUNUE CHUMVI YA "SODIAMU KIDOGO" BILA KUSOMA PAKTI. Nyingi wamepunguza sodiamu wakaweka potassium chloride, yaani wamempa mgonjwa wako potasiamu kwa kijiko. Kwa mtu mwenye presha na figo nzima inaweza kuwa nzuri, kwa huyu wako ni hatari. Na ndugu zetu wa magharibi ya Kenya wanaopikia kunde na mrenda kwa munyu, lile maji ya majivu yaliyochujwa, hiyo nayo ni potasiamu, kwa mgonjwa wa figo iacheni.

Ladha utaipata kwenye kitunguu saumu, tangawizi, ndimu, pilipili manga, bizari, dhania, mdalasini, hoho. Kaanga kitunguu mpaka kiwe kahawia, usikimbilie, ndio kinachobeba mchuzi usio na chumvi.

Hatua ya 3: Potasiamu (kama vipimo vinasema ipunguzwe)

Potasiamu inayeyuka kwenye maji. Ukilielewa hilo umeelewa robo tatu ya jiko la figo. Chakula ukikichemsha kwenye maji mengi na ukayamwaga, potasiamu nyingi imeondoka nayo. Ukikichemsha ukanywa na mchuzi wake, umeinywa yote. Ndio maana mchemsho wa samaki na ndizi na viazi na karoti, ule ambao kila mtu anauona mwepesi na wa afya, kwa mtu mwenye potasiamu ya juu ni mbaya kuliko sahani ya wali na kipande cha kuku. Mtori hivyo hivyo, ndizi zimepondewa humo humo kwenye maji yake.

Ndizi za kupika, viazi mviringo, viazi vitamu, mihogo na magimbi zipikwe hivi:

a) Menya, kata vipande vidogo vyembamba, kadiri kipande kinavyokuwa kidogo ndio potasiamu inatoka. Osha.

b) Weka kwenye sufuria kubwa, maji yawe mengi kama mara nne ya chakula. Chemsha dakika kama 10.

c) Mwaga maji yote. Tia maji mapya, chemsha tena mpaka viive.

d) Mwaga tena. Sasa ndio unaunga kwa kitunguu, hoho, kitunguu saumu na tui jepesi kidogo.

Kwa njia hii unaondoa kama nusu ya potasiamu au zaidi. Kuloweka peke yake kunatoa kidogo tu. Kuchoma, kukaanga chipsi moja kwa moja, au kupika kwa mvuke hakutoi kitu, chipsi za mgonjwa chemsha kwanza mwaga maji ndo ukaange. Magimbi hata baada ya kuchemsha mara mbili mi natoa vipande viwili tu, yana potasiamu nyingi mno.

Mboga za majani: mchicha, kisamvu, majani ya maboga, matembele, hizi zina nyingi. Katakata, chemsha maji mengi, mwaga, kamua kwa mkono au kwa chujio, alafu unga. Ndio, vitamini zingine zinaondoka, najua, na bado ni bora kuliko moyo kusimama. Zilizo rahisi zaidi ni kabichi, bilinganya, bamia iliyochemshwa, tango, hoho, maharage machanga ya kijani yanayoliwa na ganda lake, hizo zibebe wiki nzima na mchicha uje kama mgeni.

Nyanya, sikatazi, ila nusu nyanya au moja ndogo kwa sufuria. Nyanya ya kopo na ya pakti iache kabisa, imekolezwa na imetiwa chumvi juu yake.

Matunda: tufaha, nanasi, zabibu, pea, kipande kidogo cha tikiti. Kipande kimoja saizi ya ngumi, mara moja au mbili kwa siku. Embe na papai vipande vichache. Ndizi mbivu, parachichi, pera, fenesi, pasheni, tende, hivyo viweke mbali kama potasiamu iko juu. Juisi ni mbaya kuliko tunda lenyewe, maana glasi moja inabeba machungwa matatu na mtu ameyameza kwa dakika moja.

Dafu: halisafishi figo. Kikombe kimoja cha maji ya dafu kinaweza kuwa na potasiamu miligramu 600, zaidi ya ndizi mbivu. Shangazi atakuelewa ukimwambia hivyo hivyo.

Hatua ya 4: Protini, na hapa ndo watu wanageuza mambo

Kuna makundi mawili na sheria zao zinapingana.

Kama bado hajaanza kusafisha damu (hatua ya 3 mpaka 5 ya ugonjwa), kawaida wanashauri gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni gramu 48. Wali, ugali na mkate vya siku nzima vinaweza kuleta kama 18 mpaka 20 hapo, kwa hiyo zinabaki kama 28. Yai moja ni gramu 6, kipande cha nyama au samaki kilichoiva cha gramu 30, kama kiberiti hivi, ni gramu 7. Kwa hiyo yai asubuhi na samaki wa ukubwa wa viberiti vitatu kwa siku nzima, hapo umemaliza. Supu ya kongoro asubuhi, kuku mchana na nyama choma jioni, hapana.

Akishaanza kusafisha damu, inapanda mpaka gramu 1 au 1.2 kwa kilo, huyo huyo wa kilo 60 sasa anahitaji 60 mpaka 72, kwa sababu mashine nayo inachukua protini. Kosa kubwa ninaloliona ni mtu kaanza mashine miezi kadhaa lakini nyumbani bado wanamlisha kile kipande kimoja cha zamani kwa sababu "daktari alikataza nyama". Anakonda, albumini inashuka, anavimba, wanazidi kumnyima. Muulize upya daktari siku anapoanza mashine.

Ute wa yai ni rafiki mkubwa wa hawa watu, una protini nzuri na karibu hauna fosforasi. Siku zingine naweka yai zima moja na ute wa mawili.

Maharage, kunde, choroko, dengu: zamani walikuwa wanakataza kabisa. Siku hizi wamelegeza kwa sababu fosforasi ya kwenye mimea mwili unaichukua kidogo kuliko ya nyama na maziwa. Loweka usiku, mwaga maji, chemsha, mwaga maji ya kwanza, malizia kwa maji mapya. Nusu kikombe yaliyoiva, na yahesabu kama kipande cha nyama cha kiberiti kimoja, sio kama mboga ya ziada juu ya nyama.

Hatua ya 5: Fosforasi

Fupi. Fosforasi ikipanda inawasha ngozi na inakula mifupa. Mbaya zaidi ni ile inayowekwa kiwandani maana mwili unaichukua karibu yote: soda nyeusi za kola, soseji, nyama za kopo, jibini za kupaka, krima za unga za chai. Soma nyuma ya pakti, ukiona neno lolote lenye herufi "phos" au namba E338 mpaka E341 na E450 mpaka E452, rudisha kwenye shelfu.

Za asili za kupunguza ni maziwa (nusu kikombe kwa siku, chai ya maziwa iwe ya maji mengi), dagaa maana tunawatafuna na mifupa, karanga, korosho, maini, na uji wa lishe, ule wenye soya, karanga, ulezi na kila kitu. Uji wa sembe au wa mchele unatosha. Dona sio sumu ila kama fosforasi na potasiamu ziko juu tumia sembe, hapa ile "ya afya" inageuka. Mandazi piga kwa hamira, baking powder ina sodiamu na fosfeti.

Kama kapewa vidonge vya kushika fosforasi, kwa mfano kalisi kaboneti, vinamezwa au kutafunwa PAMOJA na chakula. Kazi yake ni kuishika fosforasi ya kwenye chakula hicho. Akimeza usiku tumbo tupu hajafanya kitu.

Hatua ya 6: Maji

Asiyewekewa kikomo asiwekewe na wewe. Hatua za mwanzo za ugonjwa mtu akibanwa maji anaweza akaumia zaidi. Hii ni kwa wanaovimba na wa kwenye mashine ambao mkojo umepungua.

Hesabu ya kawaida: mkojo wa saa 24 jumlisha mililita 500. Akikojoa 400, basi 900 kwa siku. Na humo ndani kuna chai, uji, supu, maji ya kumezea dawa, barafu, tikiti.

Njia ambayo hata bibi asiyejua kusoma anaifuata: asubuhi jaza chupa maji yale 900. Kila akinywa chochote, chai au uji, unamwaga kutoka kwenye chupa kiasi kile kile. Akinywa maji anakunywa ya chupa hiyo hiyo. Chupa ikikauka siku imeisha. Anaiona mwenyewe kwa macho hakuna ugomvi. Na mpe vikombe vidogo vile vya kahawa chungu, anakunywa mara nyingi na moyo unaridhika.

Mpime uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, nguo nyepesi zile zile. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo akipanda kilo mbili kwa siku mbili sio kanenepa. Kwenye mashine wengi wanaambiwa wasizidi kama kilo moja kwa siku kati ya safari na safari, lakini wa kwenu atapewa namba yake.

Hatua ya 7: Panga siku nzima usiku wa kuamkia

Mfano wa mtu wa kilo 60, hajaanza mashine, potasiamu iko juu kidogo:

Asubuhi: chai ya rangi na tangawizi, chapati moja uliyoipika mwenyewe bila chumvi au na ya kichupa, yai moja la kuchemsha.

Saa nne: kipande cha nanasi au tufaha.

Mchana: wali, samaki fresh wa mchuzi wa vitunguu na hoho (viberiti viwili), kabichi.

Jioni: uji mwepesi wa mchele, sukari kidogo kama hana kisukari.

Usiku: ugali wa sembe, bamia na bilinganya, kipande kimoja cha kuku.

Nguvu ya mwili iko kwenye wanga na mafuta, usimpunguzie hivyo. Mtu wa figo akila kidogo sana mwili unakula misuli yake wenyewe na uchafu kwenye damu unapanda vilevile. Mafuta ya alizeti mtilie bila woga, kama hana shida nyingine.

Hatua ya 8: Vya kuzuia mlangoni

Juisi ya matembele na bitruti "ya kuongeza damu". Damu ya mgonjwa wa figo inapungua hasa kwa sababu figo ndizo zinazotoa homoni inayouambia mwili utengeneze damu, na sasa zimechoka. Anahitaji ile sindano ya homoni hiyo na madini ya chuma kama daktari alivyopanga. Juisi ya majani mabichi inamwongezea potasiamu tu.

Birimbi. Watu wa pwani na Visiwani, lile birimbi la achari na la kutia kwenye mchuzi wa samaki lina oksaleti nyingi (kitu kinachoganda ndani ya figo) na limeshaharibu figo hata za watu wazima wenye afya waliokunywa juisi yake. Na ndugu yake, lile tunda la njano ukilikata linatoa umbo la nyota, lina sumu ambayo figo nzima inaitoa na figo mbovu haiwezi, mgonjwa anaweza kuanza kwikwi isiyokata, kuchanganyikiwa na degedege. Hata kipande kimoja asionje. Uchachu tafuta kwenye ndimu.

Dawa za "kusafisha figo" za kuchemsha na za chupa. Huwezi jua kuna nini ndani. Na dawa za maumivu za dukani, diklofenaki na ibuprofeni, kichwa kikiuma asimeze hizo, aulize kwanza.

Kwa Waislamu, mwezi wa Ramadhani futari yetu ni mzigo wa potasiamu mtupu, magimbi, mihogo, viazi vitamu, ndizi za nazi, tende, juisi ya ukwaju, vyote ndani ya saa moja. Mgonjwa afungue kwa maji na tende moja kama vipimo vinaruhusu, tambi au chapati kwa mchuzi mwepesi, na ndizi zilizochemshwa mara mbili. Suala la kufunga lenyewe mwone daktari kabla mwezi haujaandama, wa kwenye mashine wengi wanazuiwa na dini imewapa ruhusa.

Pakikwama

*Potasiamu imepanda na chakula nakifuata.* Angalia choo, mtu akifunga choo siku kadhaa potasiamu inapanda. Sukari ikiwa juu nayo inaipandisha. Dawa za presha kama losartani, enalapril na spironolaktoni zinaipandisha pia, usizikatishe mwenyewe, mwambie daktari. Mashine kairuka? Na kuna wakati chembe za damu zimevunjika tu kwenye sampuli namba ikapanda bure, wanarudia kipimo. Ila akisema miguu haina nguvu, moyo unaruka ruka, mkimbize hospitali usisubiri kurudia chochote.

*Hataki kula kabisa, anasema mdomo una ladha ya chuma.* Kawaida ya ugonjwa. Asubuhi hamu huwa nzuri zaidi, mpe mlo mkubwa wakati huo. Asukutue mdomo kabla, kamulia ndimu, chakula kiwe cha vuguvugu maana cha moto kinanuka sana. Kidogo kidogo mara tano. Kama anatapika kila akila na bado hajaanza mashine, hiyo peleka kliniki, sio ya kutatua jikoni.

*Kiu haiishi.* Rudi Hatua ya 2 hapo juu, nenda kawinde chumvi. Chumvi ndiyo inayoita maji. Na kama ana kisukari, pima sukari.

*Sukari inashuka ghafla wakati dawa ni zile zile.* Figo zikishuka insulini inakaa mwilini muda mrefu, dozi ya zamani inakuwa kubwa. Mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji kidogo, sio juisi ya machungwa, alafu mpigie daktari dozi ipunguzwe.

*Anawashwa usiku kucha.* Uliza fosforasi, na uliza zile kalisi anameza saa ngapi.

*Nyumba nzima wanalalamika mboga haina chumvi.* Pika sufuria moja bila chumvi, mchotee mgonjwa kwanza, alafu wengine watilie yao. Kibakuli cha chumvi kisikae mezani, kikae jikoni kabatini, atakayetaka atanyanyuka.

*Harusi na misiba.* Mlishe kabla hamjatoka. Akifika achukue pilau kijiko viwili vitatu, kipande cha nyama asiloweke kwenye mchuzi, kachumbari ya vitunguu na tango ni sawa ila nyanya aziache pembeni, soda nyeusi akatae, aombe maji, na kikombe chake kidogo aende nacho kwenye pochi.